Taa Zimedimwa na Bado Zinapofusha

Ukitoka Malindi kwa barabara ya Mombasa baada ya isha, mwanga wa mji unakuacha mapema. Ukishaupita uwanja wa ndege umebaki na taa zako na zile zinazokujia. Msabaha ni kiza. Gede pana maduka na mwanga kidogo kwenye njia panda ya Watamu, kisha kiza tena, msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kulia na Mida mkono wa kushoto. Wa kwenda na wa kurudi wanapishana kwa karibu, na kinachowatenga ni mstari wa rangi tu, mahali pengine umefutika. Ukielekea upande wa pili, ukavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, Gongoni na Marereni, hali ni ile ile, ila huko unapishana na malori ya chumvi.

Mimi ni mtu wa barabara hiyo ya pili. Nafundisha upande wa Gongoni na nyumbani ni Malindi, na vikao vya shule na misiba havinichagulii saa. Shida yangu si gari lenye jicho moja wala lori lisilo na taa ya nyuma. Hizo ni hatari za zamani na kila mtu anazijua. Ninayoilalamikia ni ile taa nyeupe kali inayoelekea ubuluu, ambayo miaka hii imeingia kwenye kila chombo: matatu, Probox, pikapu, tuktuk, mpaka bodaboda. Unaiona kwa mbali, inakua, inajaza kioo chote, na kwa muda fulani mbele yako hamna barabara. Unaendesha kwa kukumbuka barabara ilipokuwa.

Ukilalamika, watu wanakujibu kwa habari ya adabu. Madereva wa siku hizi hawana heshima, hawataki kudimu, yaani kuinamisha taa wanapopishana na mtu. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mpigie flashi anayekuja na taa kali uone. Mara nyingi anakujibu kwa kuwasha fulu yake, ile taa ya kumulika mbali, dakika hiyo hiyo kila kitu kinageuka cheupe, na hapo ndipo unapojua kwamba ile iliyokuwa ikikuchoma tangu mwanzo ilikuwa dimu. Bwana huyo alikuwa amefanya anachotakiwa kufanya. Ameshika adabu yote ya barabarani na bado amekupofusha. Tukiendelea kulihesabu jambo hili kuwa la tabia peke yake, tutahubiri mpaka tuchoke na barabara itabaki vile vile.

Fundi mmoja wa umeme wa magari pale Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi, ndiye aliyenionyesha kiini chake. Alikuwa na globu mbili mezani. Ya kwanza ni ya kawaida ya halojeni, ile inayoitwa H4, ambayo magari mengi ya zamani kidogo na matatu nyingi zinaitumia. Akaishika shingoni asije akaigusa kioo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huiunguza globu ikipata moto.

"Tazama ndani, mwalimu," akaniambia. "Unaona nyuzi mbili?"

Niliziona. Uzi mmoja uko peke yake. Wa pili, ulio mbele, umekaa juu ya kikombe kidogo cha bati, kipana kama ukucha wa kidole gumba.

"Huu wa peke yake ni wa fulu. Huu wenye kibati ni wa dimu. Kibati kinazuia mwanga usishukie nusu ya chini ya sahani, ile ya kung'aa inayokaa nyuma ya globu. Unapiga nusu ya juu tu, na sahani inautupa chini, barabarani. Bila hiki kibati hakuna dimu, babangu."

Kisha akanipa ya pili, ya LED, nzito, ina feni ndogo nyuma ya kuipoza. Badala ya nyuzi ina vidonge vya manjano vimebandikwa upande huu na upande huu wa kipande bapa cha chuma. Wametia kibati pia, ila hakikukaa pale pale, na mwanga hautoki kwenye uzi mwembamba bali kwenye vidonge vyenye upana wake. Sahani ya ile taa ilichongwa kiwandani kwa hesabu ya uzi uliokaa mahali maalumu, na tofauti ya milimita moja inatosha kuuharibu mpangilio wote. Akazifunga kwenye gari lililokuwa limeelekea ukuta wa karakana, moja kila upande, akawasha dimu. Upande wa halojeni ulionyesha mstari: chini mwanga, juu kiza, na mstari ukipanda kidogo kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Upande wa LED haukuwa na mstari wowote. Ukuta mzima umelowa mwanga, mpaka kwenye mabati ya paa.

Jambo lenyewe basi liko hapo, na ningependa kila anayetunga kanuni aende akasimame mbele ya ukuta ule. Taa ya gari inapimwa kwa mahali mwanga wake unapoangukia. Globu ya H4 ya halojeni kwenye dimu hutoa lumeni kama 1,000; lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Taa ya zenoni ya kiwandani, ile inayowaka kwa gesi badala ya uzi, aina ya D2S, hutoa lumeni 3,200 hivi, mara tatu yake, na ikiwa imekaa kwenye nyumba yake yenye lenzi na ukingo wa kukata mwanga, unapishana nayo bila kuumia. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya na Japani zilisema zamani kwamba taa ya dimu yenye globu inayozidi lumeni 2,000 lazima iwe na mtambo wa kujiinamisha wenyewe gari linapolemewa nyuma, pamoja na kifaa cha kuisafisha. Wenzetu walijua kwamba mwanga mwingi unahitaji ulinzi mwingi zaidi. Sisi tumeuchukua mwanga, ulinzi tukauacha dukani.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Taa ya gari dogo iko kama sentimita 70 kutoka chini. Ikitegwa sawasawa, mwanga wake wa dimu unashuka sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo unagusa lami kwenye mita 70. Sasa tia magunia ya nazi nyuma ya Probox mpaka mkia ulale na pua iinuke. Taa iliyokuwa ikishuka sentimita moja kwa mita sasa inapanda sentimita moja kwa mita. Mita 50 mbele, ule mwanga uko mita 1 na sentimita 20 juu ya barabara. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo linalokuja. Magari mengi yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, kimeandikwa 0, 1, 2, 3, ambacho kazi yake ni kuziinamisha taa ukipakia mzigo. Nimewauliza madereva wengi, wakiwemo wa miaka mingi kazini, na wengi wao walikuwa hawajawahi kukigusa. Kwenye magari yenye zenoni kazi hiyo hufanywa na kijimkono cha plastiki kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma; mashimo yetu hukivunja, na baada ya hapo taa hubaki zilipokwamia.

Na kupofushwa ni kitu gani hasa? Mwanga mkali ukiingia jichoni haubaki mahali pamoja. Unatawanyika ndani ya lenzi ya jicho na kutandaza ukungu juu ya vitu vyote vingine, kwa hiyo kilicho gizani pembeni kinapotea kabisa. Mwanga wenye ubuluu mwingi husumbua zaidi usiku. Aliyeanza kupata mtoto wa jicho anateseka mara mbili, na kwa wazee wetu wa pwani, waliokula jua la bahari maisha yao yote, hilo si jambo la nadra. Ongeza kioo cha mbele kilichokwaruzwa na waipa zenye mchanga. Gari likishapita, jicho halirudi hapo hapo, linahitaji sekunde kadhaa, na kadiri umri unavyosonga linahitaji nyingi zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, umeendesha bila kuona.

Vitabu vya udereva vinakushauri upunguze mwendo na uelekeze macho kwenye ukingo wa kushoto mpaka anayekuja apite. Kupunguza mwendo, sawa. Lakini nani yuko kwenye huo ukingo wa kushoto hapa kwetu? Kuna mgema anayerudi na baiskeli, mitungi ya mnazi imefungwa ubavuni, haina kioo cha kuakisi wala taa. Kuna kina mama wanaotoka sokoni na beseni kichwani, watoto wanaotoka chuoni na kanzu zao, mkokoteni wa punda. Lami imemeguka pembeni, kwa hiyo wanaotembea hupanda juu yake kukwepa mchanga na mashimo. Dereva aliyepofushwa, akifuata mafunzo yake kwa uaminifu kabisa, anaegemea kule kule waliko. Wao hawana taa ya kumpigia mtu flashi. Katika mabishano haya yote ya madereva kwa madereva, nani ana taa kali na nani hana adabu, hawa hawatajwi, na ndio wanaogongwa.

Sasa niwatetee wanaonunua hizi taa, maana wengi si watu wabaya. Wananunua kwa sababu hawaoni. Ukilichunguza gari la mtu anayesema taa zake ni hafifu, hapa Malindi utakuta mambo mawili. La kwanza ni kioo cha taa, ambacho siku hizi ni plastiki, kimegeuka manjano na kufifia kwa jua. Jua la pwani halina huruma na plastiki. Mwanga unatoka kwenye globu vizuri, unakwama kwenye huo utando, na ule unaopenya unatawanyika ovyo. La pili ni kutu. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi inakula viungio vya waya, hasa ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, na globu inayohitaji volti 12 kamili inapata 10 na kitu. Globu ya halojeni ikipungukiwa volti kidogo, mwanga wake hupungua sana. Mtu huyu angepigiwa msasa laini vioo vyake, vikapakwa polishi, waya ukasafishwa, globu mpya ya halojeni ikatiwa, angeona barabara vizuri kuliko alivyowahi kuona tangu alinunue gari. Badala yake anauziwa boksi lenye lumeni za kutisha na 6000K, kipimo cha weupe wa mwanga, kwa herufi kubwa. Akilifunga nyuma ya kioo kile kile cha manjano, karibu na gari anaona kweupe sana, naye anaridhika. Mbali, kule ambako angehitaji kumwona mgema, haoni zaidi ya zamani, kwa sababu ule weupe wa karibu umemfunga jicho. Ameumia yeye na ametuumiza sisi, na pesa zimekwenda.

Bodaboda nao wana sababu yao. Taa ya pikipiki nyingi ni dhaifu kweli, na barabara za ndani kama za Ganda na Kakuyuni hazina hata nguzo. Ila zile taa za ziada wanazozifunga kwenye usukani, mbili au nne, hazina dimu kabisa, na hufungwa kwa macho tu, popote skrubu ilipokubali. Taa ya kulimia shambani usiku haifai kuelekezwa usoni mwa mtu anayekuja na abiria kumi na wanne.

Nikija kwenye sheria, sheria tunayo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inakataza gari kutumiwa barabarani kama sehemu zake, na taa zimetajwa humo kwa jina, hazitimizi masharti, na inataka zitunzwe kwa hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Watumiaji wengine, si dereva peke yake. Kilichokosekana ni kipimo. Askari aliyesimama pale Sabaki saa mbili usiku anaambiwa na jicho lake kwamba taa hii ni kali, dereva anasema imedimwa, na yote mawili ni kweli. Askari hana chombo cha kuamulia. Matokeo yake ni aachilie, au yaishe kwa njia ambayo kila Mkenya anaijua.

Kuna kinaya kinachoniuma hapa. Probox ile ile, ilipokuwa kwao Japani, ilipelekwa kwenye ukaguzi wa lazima kila baada ya mwaka au miwili, na taa zake zikapimwa kwa mashine inayoonyesha mwanga unaelekea wapi na una nguvu kiasi gani. Inakaguliwa tena kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Inashuka Mombasa ikiwa na taa nzuri kabisa. Inaharibiwa hapa, baada ya cheti, kwenye duka la spea na kwenye karakana, ambako hakuna anayeangalia. Na magari yakigongwa, mara nyingine hununuliwa taa nzima zilizotumika kutoka nchi za watu wanaopita kulia. Taa hizo zimeundwa kupandisha mwanga upande wa kulia kumulika ukingo wao. Kwetu sisi tunaopita kushoto, huo upande wa kulia ndiko anakotokea mwenzako.

Ujerumani wamelifanya jambo hili kwa namna ninayoipenda. Hawakusema LED ni haramu. Tangu 2020 wameruhusu globu fulani za LED zifungwe kwenye taa za halojeni, lakini kwa modeli zilizopimwa na kuandikwa kwenye orodha: globu hii, gari hili, taa hii. Ukifunga nje ya orodha, gari lako linapoteza kibali cha kutembea barabarani. Uingereza, gari lenye taa ya halojeni iliyogeuzwa kuwa zenoni linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Hakuna anayebishana na askari usiku juu ya kilicho kikali na kisicho kikali. Limeshaamuliwa mchana, kwa kipimo.

Ninachotaka kwetu ni kianzie dukani. Shirika la viwango, KEBS, ndilo linalosimamia kinachoingia nchini, na globu ya LED iliyotengenezwa kwa umbo la H4 au H7 bila kuthibitishwa kwa gari lolote haina sababu ya kuuzwa kwa mtu anayekwenda barabarani. Kumwacha muuzaji auze halafu kumwinda mnunuzi usiku si haki, na pia haifanyi kazi. Baada ya hapo ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Magari ya abiria na ya biashara hupelekwa kwenye ukaguzi kila mwaka. Huko taa zipimwe kwa mashine, dimu kwanza, fulu baadaye, maana inayotuumiza ni dimu. Kuwasha taa na kuona kwamba zinawaka siyo kuzipima. Magari ya watu binafsi nayo yaingizwe, kwa sababu yale makubwa ya kifahari, yaliyo juu, ndiyo yenye taa inayoingia moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma cha gari dogo. Taa za ziada zisizo na dimu, kwenye lori au kwenye pikipiki, zizimwe kwenye barabara kuu, na hili askari anaweza kulisimamia leo hii bila chombo chochote, kwa kuwa anaziona zimewaka au hazikuwaka.

Najua mashine hazitafika Malindi kesho. Ila ukuta tunao. Paki gari mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa taa kutoka chini mpaka katikati yake, uuweke alama ukutani kwa chaki. Shuka sentimita 10 mpaka 15 chini ya alama hiyo, piga mstari. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari huo wa chini. Ukiuona umepita alama ya juu, taa hiyo inapofusha watu, na fundi anairekebisha kwa skrubu iliyo nyuma ya taa. Ukiona hakuna ukingo kabisa, ni mwanga tu umetapakaa, hapo skrubu haisaidii. Toa globu.

Nimewapelekea ombi viongozi wa sacco ya matatu za njia yetu ya Gongoni, wachore mistari hiyo kwenye ukuta mmoja karibu na stendi na kila gari lisimame hapo kabla ya kuanza zamu ya jioni. Wamekubali nije niwaeleze madereva kwenye kikao chao, na yule fundi atakuja na futi yake. Wenye magari binafsi wanakaribishwa pia. Mwenye Probox au pikapu aje nayo na mzigo wake wa kila siku, maana ikiwa tupu haitatuonyesha kitu.